Tathmini ya amikasini ya kuvuta: miezi 16 ya kutibu mikobakteria sugu ya mapafu

Tathmini hii inahusu dawa moja hasa, yaani amikasini, dawa ya kuua bakteria, iliyofungwa ndani ya liposomu (vitone vidogo sana vya mafuta) na kuvutwa mapafuni kwa nebulaiza, kifaa kinachoigeuza dawa kuwa ukungu. Nitazitaja pia dawa nilizomeza na kudungwa kabla yake na sambamba nayo, kwa kuwa dawa hii haitumiwi peke yake wala haiwezi kupimwa kwa haki ikitengwa na zile zinazoandamana nayo. Nimeivuta kwa miezi 16 kutibu maambukizi ya mapafu yaliyosababishwa na Mycobacterium avium, mmoja wa bakteria wa jamii ya mikobakteria ambao si wa kifua kikuu wala wa ukoma, na ambao kwangu mimi walikuwa tayari sugu kwa dawa za kundi la makrolidi. Hukumu yangu naitoa mapema: ni dawa njema kwa watu wachache waliochaguliwa kwa makini, inaulemea mwili, na wengi wetu tunaifikia tukiwa tumechelewa, baada ya usugu ambao kipimo kimoja cha makohozi kingeweza kuuzuia.

Usugu wangu ulianza hivi. Nilikuwa na bronkiektasisi, yaani hali ya njia za hewa kupanuka na kulegea hata makohozi yakatuama ndani yake. Kituo nilichokuwa nikihudhuria kiliniandikia azithromaisini peke yake, mara 3 kwa wiki, ili kupunguza vipindi vya kikohozi kikali vilivyokuwa vikinirudia. Matumizi hayo yana msingi katika tiba ya bronkiektasisi, lakini yana sharti ambalo kwangu halikutimizwa: kabla ya kuanza, makohozi yaoteshwe maabara ili ijulikane kama kuna mikobakteria. Mimi sikuombwa makohozi hata mara moja. Kwa miezi 9 nilimeza dawa moja dhidi ya bakteria ambao hawapaswi kamwe kukabiliwa kwa dawa moja.

Sababu ya kanuni hiyo ni ya kibaiolojia na inafaa kueleweka. Makrolidi, zikiwamo azithromaisini na klarithromaisini, huishika sehemu moja ya ribosomu, kiwanda kidogo kilicho ndani ya bakteria, na kuizuia kutengeneza protini. Bakteria wa kundi la avium wana nakala moja tu ya jeni linalotengeneza sehemu hiyo ya ribosomu, kwa hiyo badiliko la herufi moja katika jeni hilo linatosha kumpa bakteria usugu mkubwa kwa mkupuo mmoja. Katika pafu lenye mamilioni ya bakteria, wachache wenye badiliko hilo huwapo kwa bahati tu. Dawa moja inapowaua wenzao, wao hubaki na kuijaza nafasi iliyoachwa. Ndiyo maana dawa nyingine mbili, ethambutoli na rifampisini, huongezwa kwenye tiba: pamoja na kuua, kazi yao kubwa ni kuilinda makrolidi. Kwangu hapakuwa na mlinzi.

Kikohozi kilipozidi na uzito ukaanza kupungua, makohozi yalipimwa hatimaye, na chini ya hadubini vikaonekana vijiti vyekundu vile vile vinavyoonekana kwa mgonjwa wa kifua kikuu. Hapa pana mtego mwingine, kwa kuwa rangi ile haimtofautishi bakteria wa kifua kikuu na ndugu zake wanaoishi kwenye maji, udongo, mabomba na vichwa vya bafu. Wapo wagonjwa wanaoanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa kipimo hicho pekee, na wasipopata nafuu huhesabiwa kuwa na kifua kikuu sugu, ilhali ugonjwa wao ni mwingine kabisa. Maabara iliyonihudumia iliwatambua bakteria kwa spishi, kisha ikapima kiwango cha klarithromaisini kinachohitajika kuwazuia wasikue. Kwa kundi la avium, kiwango cha mikrogramu 32 au zaidi kwa mililita huhesabiwa kuwa usugu, na wangu walivuka hapo. Amikasini bado ilikuwa ikiwazuia. Katika safari yote hii, hakuna huduma niliyoipata ambayo naithamini kuliko karatasi ile ya majibu, maana ndiyo iliyowawezesha madaktari kuacha kubahatisha.

Mgonjwa ambaye bakteria wake hawajawa sugu hutibiwa kwa makrolidi, rifampisini na ethambutoli, kila siku au mara 3 kwa wiki kutegemea ukubwa wa ugonjwa, hadi makohozi yatakapokaa safi, yaani bila kuotesha bakteria maabara, kwa miezi 12 mfululizo. Huo ndio mwongozo uliotolewa mwaka 2020 na vyama vya kimataifa vya magonjwa ya mapafu na ya kuambukiza. Kwa sisi wenye usugu wa makrolidi nguzo ya katikati imeshaanguka, na kinachobaki ni kuzipanga upya zile nyingine na kutafuta msaada wa pembeni. Daktari bingwa aliniondolea azithromaisini, akaniachia ethambutoli na rifampisini, akaongeza klofazimini ya miligramu 100 kwa siku na amikasini ya mshipani mara 3 kwa wiki. Alinieleza pia kwamba kwa wagonjwa wenye usugu wa aina hii ambao ugonjwa umekaa sehemu moja ya pafu, upasuaji wa kuondoa sehemu hiyo, pamoja na sindano za kundi la amikasini, hutoa matumaini kuliko vidonge pekee. Ugonjwa wangu ulikuwa umesambaa pande zote mbili, kwa hiyo mlango huo ulifungwa mapema.

Rifampisini na ethambutoli sina mengi ya kuzisemea. Ya kwanza hugeuza mkojo na machozi kuwa na rangi ya chungwa na huvuruga kazi ya dawa nyingi nyingine, jambo linalomlazimu mgonjwa kutaja kila kidonge anachomeza. Ya pili inaweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho, kwa hiyo nilipimwa uwezo wa kuona na kutofautisha rangi tangu siku ya kwanza na kurudia kipimo kila baada ya muda. Asiyepimwa macho kabla ya kuanza hana cha kulinganisha baadaye.

Klofazimini inastahili maneno zaidi. Iligunduliwa Dublin miaka ya 1950 katika utafiti uliolenga kifua kikuu, ikapata umaarufu wake kwenye ukoma, na sasa imerudi kwa njia ya tatu kwa ajili ya mikobakteria hawa wa mazingira. Ni dawa inayokaa mwilini kwa muda mrefu mno, kwa miezi baada ya kidonge cha mwisho, na huacha alama yake wazi: ngozi yangu ilibadilika rangi ikawa ya kahawia yenye wekundu, ikakauka, na watu wanaonifahamu wakawa wananiuliza nimepatwa na nini. Rangi hiyo hufifia polepole baada ya dawa kuachwa. Nawasihi wanaoandika dawa hii wamweleze mgonjwa jambo hilo waziwazi kabla ya kuanza, kwa sababu mtu aliyeandaliwa huvumilia, na yule anayeshtukia kwenye kioo huacha dawa bila kumwambia yeyote. Jambo jingine ni kwamba inaweza kubadili mwenendo wa umeme wa moyo, na kipimo cha moyo kilikuwa sehemu ya ratiba yangu.

Amikasini ya mshipani ilinipa nafuu ya kwanza ya kweli. Homa za jioni zilikoma na hamu ya kula ikarudi. Lakini dawa za kundi hili hudhuru seli za sikio la ndani na pia figo, na seli za sikio zikishakufa hazioti tena. Katika wiki ya 11 nilianza kusikia mlio mwembamba usiokoma, na kipimo cha usikivu kikaonyesha kwamba sauti za juu zilikuwa zimeanza kupotea. Sindano zikasimamishwa. Nilichopoteza hakikurudi, ingawa nashukuru kwamba kilikuwa kidogo, na kilikuwa kidogo kwa sababu kipimo kilifanywa mapema na kwa ratiba. Baada ya miezi 7 ya mpango huo makohozi yangu yaliendelea kuotesha bakteria, na ndipo ilipofika zamu ya dawa ya kuvuta.

Amikasini ya liposomu iliidhinishwa Marekani mwezi Septemba mwaka 2018 kwa jina la Arikayce, Umoja wa Ulaya mwaka 2020, na Japani mwaka 2021. Idhini ya Marekani ina mipaka iliyoandikwa wazi: ni kwa watu wazima wenye ugonjwa wa mapafu wa kundi la avium ambao hawana njia nyingine au wana njia chache, na ambao makohozi yao hayakusafika baada ya angalau miezi 6 mfululizo ya tiba ya dawa kadhaa. Tena hutolewa kama nyongeza ya tiba hiyo, si badala yake. Naiheshimu mipaka hiyo, na ningependa kila anayesoma tathmini hii aizingatie kabla ya kwenda kumwomba daktari wake dawa hii.

Wazo lililo ndani yake ni zuri. Mikobakteria hujificha ndani ya seli kubwa za kinga, zile zile zinazomeza vijidudu ili kuviua, na huishi humo kama katika ngome. Amikasini ya kawaida huingia ndani ya seli hizo kwa shida. Watengenezaji wameifunga katika vitone vidogo sana vya mafuta, ambavyo seli hizo huvimeza zenyewe kama zinavyomeza takataka nyingine yoyote, na hivyo kuibeba dawa hadi pale adui alipojificha. Kiasi kinachofika kwenye damu ni kidogo kuliko cha sindano, na kwa hiyo figo na masikio hupata ahueni, ingawa si kinga kamili. Kwa kuwa nilikuwa tayari nimepoteza sehemu ya usikivu, nilipimwa masikio mara kwa mara muda wote, na hali haikuzidi kuwa mbaya.

Jaribio kubwa lililoifikisha dawa hii kwenye idhini lilihusisha wagonjwa 336 ambao tiba ya kawaida ilikuwa imewashinda kwa miezi 6 au zaidi. Kati ya waliopewa dawa ya kuvuta pamoja na tiba yao, asilimia 29 walipata makohozi safi kwa miezi 3 mfululizo ndani ya miezi 6 ya kwanza. Kati ya walioendelea na tiba ya zamani peke yake, ni asilimia 8.9. Tofauti hiyo ni kubwa, na kwa mtu aliyekata tamaa ni habari ya kumwinua. Hata hivyo tarakimu hizo zina upande wake wa pili: wagonjwa 7 kati ya 10 walivuta dawa hii kila siku bila makohozi yao kusafika. Katika kipimo cha kutembea kwa dakika 6 makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa namna ya kutegemewa. Na takriban mgonjwa 1 kati ya 10 waliovuta dawa alipata bakteria waliogeuka kuwa sugu kwa amikasini yenyewe. Nilisomewa tarakimu hizi zote kabla ya kuanza, na nilianza nikiwa nazijua. Sikuahidiwa muujiza, na hilo limenisaidia kuvumilia kuliko ahadi yoyote.

Matumizi yake yanadai nidhamu. Kila siku kuna kichupa kimoja chenye miligramu 590 za dawa katika ujazo wa mililita 8.4. Vichupa hukaa katika jokofu, na kabla ya kutumiwa kichupa hutolewa nje kipoteze baridi, kisha hutikiswa vizuri kwa sekunde 10 hadi 15. Dawa humiminwa katika nebulaiza maalumu iliyotengenezwa kwa ajili yake tu. Nebulaiza nyingine haifai, kwa sababu ukubwa wa matone na uzima wa liposomu hutegemea kifaa hicho. Kuvuta huchukua dakika 14 hivi, wakati mwingine hadi 20. Kisha kazi ya usafi huanza: kuosha, kuchemsha, kukausha, na kubadilisha kichwa cha kifaa kila baada ya matumizi 7. Mimi nilichemshia maji yaliyotoneshwa, nikikumbuka kwamba bakteria ninaopigana nao hupenda kuishi katika mabomba. Ukijumlisha yote, dozi moja hula karibu saa nzima ya siku. Anayepanga kazi au safari lazima aihesabu saa hiyo, pamoja na jokofu.

Madhara yake hayafichiki, na kibandiko cha dawa kina onyo la kiwango cha juu kabisa kuhusu matatizo ya upumuaji: mapafu kuvimba kwa mzio, kukohoa damu, njia za hewa kubana, na ugonjwa wa awali kuzidi. Katika jaribio lile, asilimia 87 ya waliovuta dawa walipata tatizo fulani la upumuaji, wakati katika kundi jingine ni asilimia 50. La kawaida kuliko yote ni kukaukiwa sauti, lililowapata karibu nusu yao. Mimi sauti ilinitoka siku ya 9 na kwa wiki 5 nilizungumza kwa kunong'ona. Kikohozi kiliongezeka pia mwanzoni, na ilinibidi nijifunze kutofautisha kikohozi cha dawa na kikohozi cha ugonjwa. Yaliyonisaidia yalikuwa mambo madogo yaliyopendekezwa na muuguzi aliyenifundisha kifaa: kuvuta kwanza dawa ya kufungua njia za hewa, kusukutua koo mara tu baada ya dozi, kuivuta jioni ili koo lipumzike usiku, na kwa ruhusa ya daktari kupumzika siku chache sauti ilipokuwa imekwisha kabisa. Muuguzi huyo alinipigia simu kila wiki kwa miezi miwili ya kwanza. Nina hakika kwamba bila simu zile ningeacha dawa ndani ya mwezi mmoja, na natamani kila mahali inapotolewa dawa hii pawe na mtu wa namna hiyo.

Wasomaji wenye Mycobacterium abscessus watauliza kama haya yanawahusu. Yanawahusu kwa sehemu. Huyu ni bakteria mgumu zaidi, na idhini niliyoitaja haimgusi, ingawa wapo madaktari wanaoongeza amikasini ya kuvuta katika mipango yao ya kumtibu. Kwake yeye swali la kwanza ni la jeni liitwalo erm(41). Jeni hilo likiwa zima, bakteria huonekana mtiifu kwa klarithromaisini katika siku za mwanzo za kipimo, kisha dawa yenyewe inamwamsha na anakuwa sugu. Ndiyo maana maabara makini husubiri hadi siku ya 14 kabla ya kutoa jibu. Katika jamii ndogo iitwayo massiliense jeni hilo limekatika na halifanyi kazi, na wagonjwa wake hupona kwa kiwango cha juu zaidi. Karatasi inayosema tu kwamba ni abscessus, bila jamii ndogo wala hali ya jeni hilo, ni nusu ya jibu, na mgonjwa ana haki ya kuomba nusu iliyobaki. Tiba yenyewe huanza na dawa angalau 3 zinazofanya kazi, na zaidi ya hapo kukiwa na usugu wa makrolidi, zikichaguliwa miongoni mwa amikasini, imipenemu, sefoksitini, taigesaiklini, klofazimini na linezolidi. Taigesaiklini huleta kichefuchefu kinachowashinda wengi, na linezolidi ikitumiwa kwa muda mrefu hupunguza damu na kuumiza mishipa ya fahamu ya miguu. Sijazitumia hizo mbili na siwezi kuzihukumu zaidi ya hapo.

Nikirudi kwenye dawa yangu, ningeipendekeza kwa mtu mwenye ugonjwa wa kundi la avium uliothibitishwa kwa spishi, ambaye bakteria wake bado wanazuiwa na amikasini kwa kipimo cha maabara, ambaye amemeza tiba kamili kwa miezi 6 bila mafanikio, na ambaye ana timu ya kumfuatilia. Singeipendekeza kwa mtu anayekohoa damu mara kwa mara au mwenye pumu isiyotulia, wala kwa anayetarajia kuivuta peke yake na kuacha vidonge kwa kuchoka navyo. Huyo atarudia kosa lile lile lililoniletea usugu, safari hii kwa dawa ya mwisho aliyokuwa nayo. Kwa anayeanza azithromaisini kwa ajili ya bronkiektasisi leo, pendekezo langu ni fupi: ulizia kipimo cha makohozi kwa mikobakteria kabla ya kidonge cha kwanza.

Kwangu makohozi yalisafika katika mwezi wa 4 wa kuvuta, yakabaki safi mwezi wa 5 na wa 6, na hesabu ya miezi 12 ikaanzia mwezi ule wa 4. Nimepanda kilo 6. Napanda ngazi bila kusimama katikati. Tiba yote ilisimamishwa mwezi uliopita, vidonge pamoja na kifaa. Katika jaribio lile, kati ya wagonjwa 65 waliosafika kwa dawa hii, 36 walikuwa bado safi miezi 3 baada ya kuacha tiba yote, na kati ya 10 waliosafika bila dawa hii hakubaki hata mmoja. Mimi sasa nimo ndani ya miezi hiyo 3. Makohozi ya kwanza ya baada ya tiba nimeyapeleka maabara, na kwa kuwa bakteria hawa hukua polepole, majibu yatachukua wiki kadhaa. Yakitoka nitaongeza hapa.